Mtihani Uliomvusha Sekela Mpaka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chai yangu hupoa mezani bila kuguswa. Ilikuwa Vwawa, katikati ya kipupwe, baridi ile ya Mbozi inayowafanya watu watembee wamejikunyata mpaka jua lipande. Nimetaka kukusimulia siku hiyo tangu uliporudi kutoka kwenye mtihani wako wa washauri wa unyonyeshaji, ukapita sebuleni bila kunisalimia mimi mama yako mkubwa, ukajifungia chumbani. Nimekuacha ulie. Kulia si dhambi. Lakini jana nimekusikia ukimwambia mwenzio kwenye simu kwamba unaacha, kwamba muuguzi mzima wa wodi ya wazazi hawezi kuambiwa hajui kumsaidia mama anyonyeshe. Hapo nikasema hapana, huyu lazima anisikie. Sogeza hicho kigoda hapa karibu na jiko, ukae.

Mimi unanijua ni mwalimu mstaafu, na kustaafu kwenyewe kumeishia shuleni, mdomo haujastaafu. Kwa hiyo vumilia.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Sekela. Mama yako, Mungu amrehemu, alimfahamu ila alikuwa mdogo. Tulikua naye Igamba, shamba lao la kahawa limepakana na letu. Baba yake alihamia pale akitoka Ileje, ndiyo maana hata alipozungumza Kiswahili ulisikia Kindali kikipita chini yake, na sisi Wanyiha tulimtania mpaka akatukimbiza na fimbo. Tulichota maji pamoja, tukachuma kahawa pamoja, tukapigwa pamoja kwa kuchelewa shule. Tulipomaliza, mimi nikachukuliwa ualimu, nikaja kufundisha sayansikimu shule ya msingi Hasamba. Yeye akachukuliwa uuguzi msaidizi, akapelekwa wodi ya wazazi, na huko akakaa.

Nakwambia, mwanangu, Sekela alikuwa na mikono. Nilipojifungua kaka yako Ezekia, kifua kilijaa kikawa kigumu, mtoto akawa hashiki, akilia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akasema maziwa yangu ni mabaya, akaanza kukoroga uji. Sekela aliingia akitoka zamu, hata koti hakuvua. Akanawa, akaweka mkono mmoja chini ya ziwa na mwingine nyuma ya mabega ya mtoto, akasubiri mtoto afungue kinywa, akamsogeza. Ezekia akashika. Nyumba nzima ikanyamaza. Huyo Ezekia unayemwona leo na kitambi chake, alianzia kwenye mikono ya Sekela.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa, kila kitu kikafunguliwa. Tunduma ikafurika. Malori yakapanga foleni, vitenge vikavuka, mafuta ya kula yakavuka, na makopo ya maziwa ya unga nayo yakavuka. Kina mama waliokuwa wanauza mpakani tangu alfajiri wakaona kopo ndiyo maendeleo, mtoto anaachwa nyumbani na dada wa kazi na chupa isiyochemshwa. Watoto wakaharisha. Wakati huohuo Serikali ikapunguza wafanyakazi, na Sekela akawa mmoja wa waliopunguzwa. Alirudi Igamba na sanduku lake na sare mbili, akazitundika ukutani kwa mama yake akawa anazipiga pasi kila Jumapili kana kwamba kesho anaingia zamu.

Mume wake alikuwa fundi wa magari huko Kitwe, Zambia. Kila akija alimwambia amfuate. Sekela hakutaka. Mama yake alikuwa mzee na hana binti mwingine, na yeye mwenyewe alipenda kazi yake kuliko alivyopenda kuwa mke wa mtu ugenini. Ndipo tukasikia kuna mradi unataka washauri wa unyonyeshaji, kila kliniki mshauri wake, kutoka Vwawa mpaka Tunduma. Utasoma, utafanya mtihani, ukipata cheti unaajiriwa. Sekela na mume wake wakakubaliana mbele ya wazee: akipata cheti na kazi, anabaki, akikosa, anavuka. Mimi nikajiandikisha pia, maana mradi ulitaka na walimu wa sayansikimu, na ukweli ni kwamba nilitaka tu kukaa naye tena chumba kimoja kama zamani.

Mafunzo yalifanyika Vwawa. Tulikuwa mchanganyiko: wauguzi, walimu, akina mama wa vikundi, na mfanyabiashara mmoja wa vitenge kutoka Tunduma, Mama Salha, Mwislamu wa Kigoma, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mkufunzi wetu aliitwa Mama Nzowa. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, miwani mizito, na hakuwa na haraka hata kidogo. Alitufundisha kwa mdoli na ziwa la kitambaa lililoshonwa kwa soksi, na kila asubuhi alirudia jambo moja, kwamba mshauri aketi, aulize, asikilize, na mikono yake ikae mapajani. Mama ndiye anayemweka mtoto. Mshauri akimweka yeye, mama akifika nyumbani atabaki na mtoto analia na mshauri hayupo.

Sekela alikuwa akicheka tukirudi kwenye chumba tulichopangiwa na mradi. "Mwalimu, huyu mama anataka tufungwe mikono kama kuku wa kupeleka sokoni!"

Tulicheka sana siku zile. Tulipika makande kwenye jiko la mkaa, tukajifunika blanketi moja, tukasimuliana habari za watu wa Igamba, nani kaoa, nani kaachwa, nani kauza kahawa akanunua redio badala ya bati. Sijawahi kucheka hivyo tena. Ninasema kweli, sijawahi.

Siku ya mtihani, asubuhi ilikuwa karatasi. Lile swali nalikumbuka mpaka leo: mama anakuja anasema maziwa hayamtoshi mtoto, kwanza utafanya nini? Nikaandika kwamba nitamwomba anieleze anavyomnyonyesha. Usinione nilikuwa na hekima. Mwalimu ametunga mitihani na kusahihisha mitihani, akiona neno "kwanza" anajua hapo ndipo alama zilipolala. Sekela yeye aliandika alichokuwa akifanya wodini: mtoto apimwe uzito, atazamwe kinywa, mama apimwe joto. Yote sahihi, ila hakuna aliyemuuliza hayo. Mama Salha hakufika hata nusu ya karatasi, maana tangu darasa la saba hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko jina la mteja.

Mchana ikawa vitendo. Kila mmoja anakalishwa na mama halisi kutoka kliniki, Mama Nzowa amekaa pembeni anatazama. Mama Salha aliingia akamteka yule mama kama mteja wa kitenge, anamsifia mtoto, anamuuliza hili na lile, mpaka mama akasimulia mambo yake yote mwenyewe. Mimi nilimweleza wangu vizuri sana, kwa mpangilio, kisha nikamuuliza, "Tumeelewana?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikafurahi.

Akaingia Sekela. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi mlangoni, nikaona kila kitu. Alipewa binti mdogo, mtoto juu ya mtoto, aliyetoka Nakonde ng'ambo ya mpaka kuja kujifungulia kwa shangazi yake. Kichanga kilikuwa kinalia kile kilio cha njaa. Sekela akasalimia vizuri. Akakaa. Akaweka mikono mapajani. Akauliza swali la kwanza, la pili. Kichanga kikazidi kulia, na yule binti naye akaanza kutokwa na machozi. Nikamwona Sekela anaikunja sketi yake kwa vidole, anaikunja na kuikunjua. Moyoni nikawa namwombea, kaa, Sekela, kaa hivyohivyo, bado kidogo tu.

Hakuweza, mwanangu. Aliinuka. Mkono mmoja ukaenda chini ya ziwa, mwingine nyuma ya mabega, na kabla hujasema lolote mtoto ameshashika. Kilio kikakatika. Yule binti akashusha pumzi, akamwambia kwa Kibemba chake, "Natotela, bamayo." Ahsante, mama. Machozi yalinitoka, maana nilikumbuka siku ya Ezekia.

Mama Nzowa akaacha mtoto anyonye kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, hebu mtoe, umweke tena wewe mwenyewe."

Binti akamtoa. Akajaribu kumweka. Mtoto hakushika, akaanza kulia upya. Akajaribu tena, kisha akamgeukia Sekela akiitazama ile mikono yake. Sekela mwenyewe alijua.

Kesho yake majina yakasomwa. Mimi nilifaulu. Mama Salha alianguka, Sekela alianguka. Mama Salha akapiga makofi akacheka: "Haya, tunarudia lini? Mimi mizigo yangu imeshakamatwa pale mpakani sijui mara ngapi, nikaanza upya na kitenge kimoja. Karatasi ndiyo iniue?" Watu wakacheka naye. Sekela hakucheka. Alikunja blauzi zake akaziweka sandukuni moja moja, polepole, kama anayepanga vitu vya marehemu.

Nikamwambia, "Dada, mtihani upo tena baada ya mavuno. Nitakufundisha kusoma maswali. Wewe utanifundisha mikono."

Akanijibu bila kuniangalia, akiniita kwa jina langu la utotoni, "Atu, wewe ukikosea ubaoni unafuta. Mimi wodini nikikosea mtu anakufa. Sikufundishwa kukosea. Na nimekosea mbele ya watu wote, kwenye kazi yangu mwenyewe."

Jioni hiyo Mama Nzowa alikuja chumbani kwetu. Hatukumtarajia. Akaketi kitandani bila kukaribishwa, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, kisha akatukaripia sote wawili. Ni karipio ninalolibeba mpaka leo.

"Sekela," akasema, "wodi imekulea vizuri. Imekufundisha kuokoa. Mtoto akilia mkono wako unakwenda wenyewe, na wapo watoto wanaoishi kwa sababu hiyo. Leo mkono huohuo umekuangusha. Mtihani haukuuliza kama unajua kazi. Uliuliza kama unaweza kumwachia mama mwenyewe afanye. Hilo wodi haikukufundisha, wala si kosa lako, lakini ni lako kulijifunza. Mimi nami nimelelewa na wodi kama wewe. Mara ya kwanza niliangushwa na jambo hilihili, nikasusa mpaka chakula. Usinifanye nikuone ukisusa."

Halafu akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, usivimbe kichwa. Umepita kwa sababu umezoea karatasi. Yule mama amekuitikia kama wanafunzi wanavyokuitikia. Ametoka hapa akijua jina lako tu."

Sekela akasema, "Nimesikia, mama. Ahsante." Alisema kwa heshima zote. Lakini mimi nilimjua tangu tukiwa wadogo, nikajua ameshaondoka.

Nilimsindikiza Tunduma. Ilikuwa siku ya vumbi na upepo, malori yamejipanga mpaka huwezi kuona mwisho wake, vijana wa mikokoteni wanapiga miluzi tuwapishe, wabadilisha fedha wanatuvuta mikono. Sekela alibeba begi la shangazi kaja, mimi nikabeba sanduku. Tukafika pale ambapo hatua chache mbele ni Nakonde. Nikamshika mkono, nikamwambia abaki. Nilimwambia kwa maneno yote niliyokuwa nayo, Kiswahili, Kinyiha, hata Kindali kile nilichomtania nacho utotoni. Watu wakawa wanatutazama.

"Ukirudia utafaulu," nikamwambia. "Hata wewe unajua."

"Najua," akasema. "Hilo ndilo linaniuma. Lakini siwezi kukaa tena kwenye kile kiti nikitazamwa mikono. Siwezi, Atu. Niangalizie mama."

Akachukua sanduku, akavuka. Sikuona uso wake tena.

Zikaja salamu mara moja kupitia kwa dereva wa lori, kwamba hajambo. Nikaandika barua, sikupata jibu. Nikamwangalizia mama yake kama alivyoniomba, na yule mama alipofariki tulimzika Igamba binti yake hayupo. Kila aliyetoka upande wa Zambia nilimuuliza. Mwingine alisema alimwona akiuza nyanya. Mwingine akasema walihama Kitwe kwenda mbali zaidi. Simu zilipoenea nikadhani sasa nitampata, lakini namba utaipata kwa nani? Nimeacha kuuliza, ila kutamani sijaacha.

Mama Salha alirudia akafaulu, akawa mshauri wa Tunduma kwa miaka mingi huku kibanda cha vitenge akimwachia binti yake. Alikuwa hodari kuliko mimi kwa kusikiliza. Mimi nilifanya kazi hiyo siku za kliniki, baada ya vipindi, na nikajifunza taratibu kuacha kuuliza "tumeelewana". Lakini kila alipoletwa mtoto dhaifu kabisa, wale wasio na nguvu hata ya kufungua kinywa, ambao hapo kweli unahitaji mtu mwenye mkono wa kujua, niligeuka kutazama nyuma yangu. Kwa miaka yote hiyo niligeuka. Kliniki ilikuwa na nafasi yake Sekela, na hakuna aliyekuja kuijaza. Ningempa cheti changu siku yoyote ile, kama kukigawa kungemrudisha.

Nimemkosa Sekela, mwanangu. Nimezeeka nikiwa na watoto, na wajukuu, na kanisa, na majirani wema, na bado kuna jioni natamani tu mtu wa kuniita Atu kwa lafudhi ile. Ndiyo maana jana uliposema unaacha, moyo wangu uliruka.

Sasa nikwambie ninachojua. Kila mtu huingia kwenye chumba cha mtihani na kazi iliyomlea. Muuguzi huingia na mikono yake, mwalimu huingia na mdomo wake, mfanyabiashara huingia na maneno yake matamu. Kazi hiyo itakubeba mahali fulani na itakuangusha mahali fulani, na mara nyingi itakuangusha palepale unapojiamini. Kabla hujarudi kwenye kile kiti, jiulize wodi imekuzoesha kufanya nini bila kufikiri. Kisha ujizoeze kingine, hapa nyumbani, nami nitakuwa yule mama mwenye mtoto analia. Mto upo, soksi zipo, na kulia najua. Usiitukane wodi yako, mwanangu, maana siku ya mtoto dhaifu utaihitaji. Unachotafuta ni kuongeza kujua wakati wa kutulia.

Na ujue kwamba mtihani umekwambia neno moja tu kuhusu siku moja tu. Wenzako waliofaulu, wapongeze, lakini usidhani wamekuzidi utu au kazi. Mimi nilifaulu, na umesikia nilivyofaulu. Usifanye uamuzi wa maisha yako siku ambayo uso bado unawaka aibu. Aibu hupoa. Sekela wangu angengoja mpaka baada ya mavuno tu, leo angekuwa amekaa hapo ulipokaa, ananicheka.

Jumatatu nenda ukawaambie utarudia. Nitakusindikiza mpaka stendi kama utaniruhusu, ingawa miguu yangu unaijua.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akutulize mikono pale inapotakiwa kutulia, na aiongoze pale inapotakiwa kufanya kazi. Akupe moyo wa kuanguka mbele za watu na kurudi mbele za watu walewale. Awape maziwa ya kutosha wote watakaokuja kwako, na watoto wao wakue wafike uzee. Na ikiwa kazi yako itakufikisha siku moja ng'ambo, ukamkuta mama mtu mzima anayezungumza Kiswahili chenye Kindali ndani yake, anaitwa Sekela, usimtajie habari za mtihani. Mwambie Atu bado yuko hai. Mwambie mradi ndio uliotaka cheti. Mimi nilimtaka yeye.